Kantangaze na Ndugu Zake

Kwenye makopo ya dawa bado ameandikwa Tuta absoluta. Kwenye vipeperushi vya semina ni hivyo hivyo, na kwenye mabango ya mashamba darasa pia. Wakulima wa huku kwetu Ilula, mkoani Iringa, wanamwita nondo huyu mdogo kantangaze na wanajua vizuri anachoweza kufanya: ukimwachia shamba la nyanya bila kumdhibiti, anaweza kulimaliza lote. Lakini tangu mwaka 2021 jina lake la kisayansi limebadilika. Wataalamu wawili nchini Marekani, Chang na Metz, walimtoa katika jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Tuta wakamrudisha katika Phthorimaea, alikokuwa amewekwa mara ya kwanza kabisa mwaka 1917. Kwa zaidi ya miaka mia moja amehamishwa katika jenasi tano, mwisho amerudishwa alikoanzia.

Mzee mmoja ninayemtembelea kikazi alilisikia jambo hili tukiwa katikati ya matuta yake, akaweka pampu chini. "Sasa bibi shamba," akaniuliza, "mkishambadilisha jina, dawa itamuua?"

Nilimjibu pale pale kwa maneno machache, kwa sababu jua lilikuwa kali na dawa ilikuwa imeshachanganywa. Swali lake linastahili jibu refu. Naamini kwamba kazi ya kuwapanga wadudu katika koo zao, ambayo watu wengi huiona ya kabati na makumbusho tu, inamgusa moja kwa moja mtu anayepakia matenga ya nyanya kandokando ya barabara kuu ya Iringa. Naamini pia kwamba tumewasahau mno nondo hawa wadogo, na kuwasahau huko kunatugharimu.

Duniani kuna spishi zipatazo 160,000 za vipepeo na nondo ambazo zimeshapewa majina. Vipepeo wa mchana, wale wa rangi rangi ambao kila mtoto anawajua, hawafiki hata 20,000. Waliobaki wote ni nondo, na sehemu kubwa ya nondo hao ni wadogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Wataalamu wa zamani waliwakata nondo mafungu mawili, wakubwa na wadogo, kwa sababu ilikuwa rahisi kuwapanga hivyo kwenye masanduku. Mgawanyo huo haufuati damu. Katika hao waitwao wadogo wamo wanaotoboa magogo ya miti, wengine wanene kuliko kidole gumba, na koo nyingi zilizotiwa katika fungu hilo zina undugu wa mbali sana baina yao. Leo neno "nondo wadogo" ni la mazoea tu. Ukitaka kujua nani ni ndugu wa nani, lazima ushuke chini zaidi.

Kantangaze ni wa familia inayoitwa Gelechiidae. Hii ni familia kubwa, yenye spishi karibu 5,000 zilizoelezwa katika jenasi zinazokaribia 500 au zaidi, na bado zinaongezeka. Nimeshawauliza watu wengi waliosoma kilimo wanitajie familia ya kantangaze, na ni wachache wanaoweza. Lakini nikiwatajia wadudu wenyewe, hakuna asiyewajua. Yule nondo mdogo wa rangi ya mabua makavu anayeruka ukifungua gunia la mahindi, ambaye kiwavi wake huacha tundu la mviringo kwenye punje, ni Sitotroga cerealella, na yumo humu. Funza wa rangi ya waridi anayeingia ndani ya vitumba vya pamba, Pectinophora gossypiella, naye yumo. Nondo wa viazi mviringo, Phthorimaea operculella, ambaye kiwavi wake huchimba mifereji ndani ya kiazi kilichohifadhiwa stoo, yumo pia, na huyu ndiye wa karibu zaidi na kantangaze. Mahindi, pamba, viazi, nyanya: familia moja inakaa katika mazao manne tunayoyategemea, na hatuna hata jina la kuiita kwa pamoja.

Ukitaka kumwona mwenyewe, nenda shambani alfajiri kabla jua halijapanda. Mchana hujificha kati ya majani. Tikisa mche taratibu juu ya karatasi nyeupe. Atadondoka mdudu wa milimita sita au saba, rangi ya majivu, mbawa zimelazwa mgongoni na kubanwa mwilini kiasi kwamba utadhani ni kipande cha ganda la mti. Msogezee lenzi. Kwenye mbawa kuna madoa meusi na ya kahawia yaliyotawanyika bila mpangilio. Vipapasio ni virefu, vina pingili za rangi nyeupe na nyeusi zinazopishana. Mbele ya uso kuna viungo viwili vya mdomo vilivyopinda kwenda juu kama pembe za ng'ombe, na hiyo ni alama mojawapo ya familia nzima. Alama nyingine imefichwa: ukilivuta bawa la mbele kwa sindano, bawa la nyuma linajitokeza, pana, lenye ukingo ulioingia ndani kidogo kabla ya kufika kwenye ncha iliyochongoka, na pembeni limezungushiwa nywele ndefu laini. Umbo hilo la bawa la nyuma ndilo wataalamu hulitazama kwanza wanapotaka kujua kama nondo aliye mbele yao ni wa Gelechiidae.

Hapo ndipo urahisi unapoishia. Kushuka kutoka familia hadi spishi kwa kutazama mbawa peke yake ni kujidanganya. Ndani ya familia hii kuna kabila liitwalo Gnorimoschemini, ambalo ndilo la kantangaze na la nondo wa viazi, na karibu wote wana hiyo hiyo rangi ya majivu na hayo hayo madoa. Ukiwapanga mezani, hata jicho lililozoea linashindwa.

Aliyempa kantangaze jina alikuwa mwalimu wa shule. Edward Meyrick alizaliwa Uingereza mwaka 1854, akafundisha kwanza Australia na New Zealand, kisha akarudi kwao na kufundisha Marlborough College hadi alipostaafu. Kazi ya nondo aliifanya pembeni ya ualimu. Kwa njia hiyo ya pembeni alielezea spishi zaidi ya 10,000 kabla ya kufariki mwaka 1938. Watu walimtumia vielelezo, yaani nondo waliokaushwa na kuhifadhiwa, kutoka kila pembe ya dunia, India, Afrika Kusini, Amerika ya Kusini, naye akawa anavieleza katika jarida lake mwenyewe, Exotic Microlepidoptera, alilolianzisha mwaka 1912. Mwaka 1917 alieleza nondo kutoka Huancayo, mji wa milimani nchini Peru ulio zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Akamwita Phthorimaea absoluta. Jenasi ya Phthorimaea alikuwa ameianzisha yeye mwenyewe mwaka 1902, na spishi aliyoichagua iwe mfano wake ni yule yule nondo wa viazi.

Namheshimu sana Meyrick, na wakati huo huo najua kazi aliyoiacha ilikuwa na pengo. Alitegemea lenzi na macho yake: mishipa ya mbawa, viungo vya mdomo, rangi. Wenzake walipoanza kupasua nondo na kuchunguza sehemu za uzazi kwa hadubini, yeye alikataa. Maelezo yake mengi ni mafupi, na mengi hayana picha. Kwa hiyo mtu aliyesoma maandishi yake peke yake hakuweza kuwa na hakika kwamba nondo aliye mkononi ndiye yule wa Meyrick. Ilibidi mtu aende London, kwenye makumbusho yanakotunzwa, afungue masanduku, atafute kile kielelezo chenyewe ambacho jina limefungwa nacho, na akichunguze upya. Kazi hiyo aliifanya J. F. Gates Clarke, Mmarekani, ambaye katalogi yake ya vielelezo vya Meyrick ilichapishwa kwa juzuu nane kati ya 1955 na 1970. Mtu anaweza kuitazama kama kazi ya kusafisha nyumba baada ya mwingine. Kwangu mimi hiyo ni mojawapo ya kazi za upendo mkubwa kabisa katika elimu ya wadudu, kwa sababu bila katalogi ile maelfu ya majina yangebaki maneno matupu.

Kuchunguza sehemu za uzazi za nondo wa milimita sita kunafanyika hivi. Fumbatio linakatwa kutoka kwenye mwili mkavu na kutiwa kwenye maji ya potasi yenye ukali, yanapashwa moto taratibu. Nyama na mafuta yote yanayeyuka, linabaki ganda tupu. Ganda hilo linaoshwa kwa brashi ya nywele chache sana, linatiwa rangi ili sehemu zake zionekane, kisha zile sehemu za uzazi zinatolewa, zinafunguliwa kwa sindano mbili na kulazwa kwenye kioo cha slaidi. Kwa dume unaona vibanio viwili vya kumshikia jike, ndoano, mrija, kila kimoja kwa umbo lake. Mkono ukitetemeka, umekipoteza. Lakini ukifanikiwa, wale nondo wawili ambao kwa mbawa walikuwa pacha wanakuwa wageni kabisa, kwa sababu maumbo haya hutofautiana kati ya spishi na spishi kuliko rangi ya bawa.

Kwa njia hiyo ndipo safari ya kantangaze ilipoanza. Alihamishiwa jenasi ya Gnorimoschema. Akaja Dalibor Povolný, mtaalamu kutoka Brno katika iliyokuwa Czechoslovakia, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kwa kabila hili la Gnorimoschemini. Mwaka 1964 alimweka katika Scrobipalpula. Mwaka 1987 akamweka katika Scrobipalpuloides. Mwaka 1994 akamhamishia Tuta, jenasi iliyoanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya nondo wa Argentina. Jina hili la mwisho ndilo lililokuwa likitumika wakati mdudu alipovuka bahari, ndiyo maana dunia nzima imelizoea.

Najua mtu atasema hawa watu hawakuwa na kazi. Mimi naona vingine. Kila uhamisho ulikuwa na sababu iliyoandikwa, ambayo mtu mwingine angeweza kuichukua, kurudi kwenye vielelezo na kuikubali au kuipinga. Ndivyo Chang na Metz walivyofanya. Waliorodhesha sifa za maumbile za kantangaze na za nondo wengine wa kabila lake, wakazipanga kwenye jedwali, kisha wakatafuta mti wa ukoo unaoeleza vizuri zaidi ni nani anashirikiana na nani sifa zilizotokea mara moja kwa babu mmoja. Kufanana tupu hakutoshi katika hesabu hii, maana viumbe wawili wanaweza kufanana kwa kurithi jambo la kale ambalo wengine wote wanalo. Kinachohesabika ni mabadiliko mapya yaliyorithiwa kwa pamoja. Matokeo yakamweka kantangaze nyumba moja na nondo wa viazi.

Kuna alama ndogo kwenye maandishi ambayo mtu akiijua hatasahau kuiangalia. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinasema spishi ikitolewa katika jenasi ya mwanzo na kupelekwa nyingine, jina la aliyeieleza na mwaka vinawekwa ndani ya mabano. Kwa hiyo tulikuwa tunaandika Tuta absoluta (Meyrick, 1917). Sasa amerudi alikotoka, tunaandika Phthorimaea absoluta Meyrick, 1917. Mabano yameondoka. Siku hizi nikipokea taarifa yoyote ya nyanya, hapo ndipo macho yangu yanapokwenda kwanza.

Turudi kwa swali la mzee. Dawa haibadiliki kwa kubadilika jina. Lakini tazama dawa yenyewe imetufikisha wapi. Jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 260, hasa kwenye majani na vichipukizi. Kiwavi akiangua anatoboa mara moja na kuingia kati ya ngozi mbili za jani, anakula nyama ya katikati na kuacha ngozi. Ukilishika jani hilo ukalielekeza kwenye jua unaona doa pana linalopitisha mwanga, na ndani yake kiwavi anasogea, na nyuma yake vinyesi vyeusi vimelundikana. Nyuma ya kichwa ana mstari mwembamba mweusi. Mwanzo rangi yake ni ya krimu, kisha anakuwa kijani, na akikaribia kuwa pupa (hatua ya kutulia kabla ya kugeuka nondo) mgongo wake unapata wekundu kidogo. Dawa nyingi za kugusa hazimfikii humo ndani. Katika mazingira ya joto na chakula cha kutosha anaweza kupitisha vizazi 10 hadi 12 kwa mwaka, na kila kizazi kinachopuliziwa dawa ile ile kinaacha wachache waliostahimili ili wazae wengine. Usugu dhidi ya makundi kadhaa ya viuatilifu umeshathibitishwa katika nchi nyingi alikoenea.

(Nitoke kidogo nje ya njia, kwa sababu hili nalikuta kila wiki. Kuna nzi mdogo ambaye funza wake huchora mistari myembamba iliyopindapinda kwenye jani la nyanya. Huyo si kantangaze. Kantangaze anaacha doa pana kama lengelenge, na huingia mpaka kwenye shina na tunda. Watu wanatumia hela nyingi kumpiga mmoja kwa dawa ya mwingine.)

Basi kama dawa pekee haitoshi, msaada utoke wapi? Hapa ndipo ukoo unapofanya kazi.

Kwao Amerika ya Kusini kantangaze na ndugu zake wana maadui walioishi nao kwa muda mrefu kuliko tunavyoweza kuhesabu. Wengi wa maadui hao ni nyigu wadogo sana ambao hutaga ndani ya yai au kiwavi, na mtoto wa nyigu humla mwenyeji wake kutoka ndani. Nyigu hawa huchagua. Mara nyingi hawaangalii nyanya wala viazi, wanafuata ukoo wa nondo. Kwa hiyo mtu akikwambia kwa hakika ndugu wa mdudu wako ni nani, amekwambia pia uanzie wapi kutafuta adui zake.

Hili lilishafanyika Afrika kabla ya kantangaze kufika. Nondo wa viazi naye ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini. Katika miaka ya 1960 nyigu kutoka huko huko waliletwa kusini mwa Afrika kumdhibiti, mmoja wao akiwa Copidosoma koehleri. Nyigu huyu anastahili kusimuliwa. Jike hutaga yai lake ndani ya yai la nondo. Yai la nondo linaangua kama kawaida, kiwavi anakula na kukua, na ndani yake lile yai moja la nyigu linajigawa na kujigawa mpaka viinitete vinakuwa makumi. Kiwavi anapokaribia kuwa pupa analiwa akaisha, ngozi yake inabaki imejaa vyumba vidogo vidogo, na katika kila chumba kuna nyigu mmoja. Zambia na Zimbabwe walipata nafuu kubwa kwa viazi vyao.

Kantangaze alipoonekana Hispania mwaka 2006, nje ya Amerika kwa mara ya kwanza, alienea pande zote za bahari ya Mediterania ndani ya miaka michache. Akashuka kupitia Sudan na Ethiopia, akafika Kenya, na mwaka 2014 akathibitishwa kwetu, katika kijiji cha Ngabobo wilayani Arumeru. Tangu hapo hakuna mkoa wa nyanya uliopona. Hispania waligundua kwamba mdudu mwembamba wa kijani, Nesidiocoris tenuis, anaweza kula mayai na viwavi wake ndani ya vitalu nyumba, japo akikosa mawindo huyo naye huugeukia mche wenyewe. Kwa mashamba ya wazi kama yetu ilihitajika njia nyingine. Mwaka 2017 kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichopo Kasarani, Nairobi, kilileta kutoka Peru nyigu aitwaye Dolichogenidea gelechiidivoris. Kama unavyoona, amebeba jina la familia ndani ya jina lake. Anatafuta viwavi wachanga wa kantangaze ndani ya majani, anataga ndani yao, na watoto wake wanamaliza kazi. Baada ya kupimwa maabara kwa muda, nyigu hao waliachiliwa kwenye mashamba ya Kenya.

Kwa hiyo, mzee wangu, jibu ni hili: jina halimuui, lakini jina lililowekwa mahali pake linatuonyesha nani anaweza kumuua bila pampu. Linatuonyesha pia hatari. Nyigu anayefuata ukoo anaweza kuwafuata na ndugu wengine wa ukoo huo, wakiwemo nondo wa porini ambao hawajamkosea mtu. Ndiyo maana kabla ya kuachilia adui wa kigeni ni lazima ujue ni ndugu gani wengine wanaishi hapa. Na hapo ndipo ninapopata uchungu, kwa sababu nondo wadogo wa Afrika Mashariki bado hatujawajua.

Kusini mwa bara kuna msingi mzuri. A. J. T. Janse, mwalimu aliyehamia Afrika Kusini kutoka Uholanzi, aliandika juzuu za The Moths of South Africa, na zile zilizotoka kati ya 1949 na 1963 zilihusu familia hii. Miaka ya karibuni Oleksiy Bidzilya wa Kyiv ameeleza jenasi na spishi nyingi mpya za Gelechiidae kutoka Afrika, kwa kutumia vielelezo vilivyotunzwa makumbusho mbalimbali ya Ulaya na Afrika. Kuna pia hazina ya mtandaoni iitwayo Afromoths, iliyojengwa na Jurate na Willy De Prins wa Ubelgiji, ambamo mtu yeyote mwenye simu anaweza kutafuta jina la nondo wa Afrika na kuona limerekodiwa nchi gani. Nawashauri walimu wa baiolojia waifungue darasani.

Tafuta humo Tanzania, kisha tazama vielelezo vilikusanywa na nani na lini. Utaona wamisionari, maofisa wa kikoloni, na wasafiri waliopita. Wengi wa nondo hao wanajulikana kwa vielelezo vichache sana. Viwavi wao wanakula mmea gani haijaandikwa. Milima ya Udzungwa iko wilaya moja na mashamba ninayofanyia kazi, dunia nzima inaijua kwa kima na ndege na maua yake ambao hawapatikani kwingine, na ninaposimama chini yake jioni najua kwamba kwenye mnavu wa kando ya msitu kuna viwavi wanaochimba majani ambao hakuna aliyewahi kuwafuga mpaka wawe nondo. Mnavu ni jamaa wa nyanya. Biringanya ni jamaa wa nyanya, nyanya chungu pia. Nondo wa asili ya hapa wanaokula mimea hii ndio ambao nyigu mgeni angekutana nao, na ndio ambao wanaweza kuwa na nyigu wao wa hapa hapa, waliokwishaanza kumzoea kantangaze bila sisi kujua.

Sidhani kwamba tunahitaji kusubiri mgeni mwingine kutoka Ulaya aje kutufanyia. Vyuo vyetu vya kilimo vinafundisha dawa kwa masaa mengi na uainishaji wa wadudu kwa masaa machache, na mwanafunzi anamaliza akijua viambato vya kopo lakini hajawahi kulifungua bawa la nondo. Ningependa kila chuo kiwe na sanduku la vielelezo vilivyoandikwa vizuri, na kijana mmoja au wawili kila mwaka wanaoamua kwamba kazi yao ya maisha ni hii. Kijana mwenye mkono uliotulia na macho mazuri anaweza katika wilaya moja tu kuandika mambo ambayo hayapo popote.

Na wewe usiye mwanafunzi wa chochote unaweza kuanza wiki hii. Nondo aliyenaswa kwenye mtego wenye gundi hafai, kwa sababu magamba yote ya mbawa yanabaki kwenye gundi. Tena mitego ya harufu ya jike hukamata madume tu. Njia bora ni kufuga. Chukua jani la mnavu au la nyanya lenye doa pana ambalo ndani yake kiwavi bado anatembea. Liweke kwenye chupa kavu yenye mdomo mpana, tandika karatasi ya chooni chini ili inyonye unyevu, funika kwa kitambaa chepesi na raba. Weka kivulini. Ongeza jani jipya la mmea ule ule kila la zamani linaponyauka. Kiwavi atatoka, atajifunga hariri kidogo kwenye karatasi au kwenye jani, awe pupa, na baada ya siku kadhaa atatoka nondo. Mwache siku moja mbawa zikauke, kisha iweke chupa kwenye friji sehemu ya barafu hadi kesho yake. Mtoe kwa kibano, mlaze ndani ya kiberiti kilichowekwa pamba.

Kwenye kipande cha karatasi andika kwa penseli, kwa sababu wino hufifia: kijiji, wilaya, tarehe uliyochuma jani, tarehe aliyotoka mdudu, jina la mmea, na jina lako. Bila mmea na mahali, kielelezo hakimsaidii mtu. Na kama badala ya nondo wametoka nyigu, usiwatupe. Watie wote kwenye kichupa cha spiriti, pamoja na ganda la kiwavi waliyemla, uandike karatasi ya pili yenye maneno yale yale na kuitia humo humo ndani.